Uteuzi wa Hadhira kwa Kigezo cha Mapendeleo katika Matangazo ya Mitandao ya Kijamii: Mfano wa Utalii wa Ndege, Mbuzi wa Maziwa na Mboga za Mgeta, Morogoro

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi matangazo ya kulipia katika mitandao ya kijamii yanavyowateua watu wenye mapendeleo maalumu, na yanapima kiasi ambacho mbinu hiyo inawafaa wazalishaji wa tarafa ya Mgeta, mkoani Morogoro. Ufafanuzi unaongozwa na Nadharia ya Usanifu wa Hadhira ya Bell (1984). Bidhaa tatu zinalinganishwa: safari za kutazama ndege katika Milima ya Uluguru, mbuzi wa maziwa, na mboga. Hoja inayotetewa ni kwamba kigezo cha mapendeleo huleta tija pale masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: pendeleo liwe la watu wachache, liwe limeacha alama mtandaoni, na liwe limelitangulia tangazo. Safari za ndege huyatimiza yote. Mbuzi wa maziwa huyatimiza kwa sehemu. Mboga hukosa mawili ya kwanza. Inahitimishwa kwamba masharti hayo yanapokosekana, kazi ya kuteua hadhira hubebwa na mahali, wakati na, zaidi ya yote, maneno ya tangazo lenyewe.

Maneno makuu: hadhira lengwa, mapendeleo, matangazo ya mitandaoni, usanifu wa hadhira, Mgeta

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa leo hujibu kwa msemo wao kwamba biashara ni matangazo. Misemo hii miwili huonekana kupingana, lakini kila mmoja una mazingira yake. Wa kwanza unafaa pale ambapo mnunuzi anaweza kukiona kitu na kukigusa. Wa pili unafaa pale ambapo mnunuzi yuko mbali na kitu chenyewe. Mzalishaji wa Mgeta yuko katika mazingira ya pili.

Mgeta ni tarafa ya wilaya ya Mvomero, katika miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru. Ndani yake zimo kata kama Langali, Nyandira, Tchenzema, Bunduki na Kikeo. Msafiri atokaye mjini Morogoro hufuata barabara kuu ya Iringa hadi Sangasanga, karibu na Mzumbe, kisha huiacha barabara hiyo na kuanza kupanda. Ubaridi wa milima hiyo huruhusu kustawi kwa mazao ambayo joto la tambarare huyakataa: kabichi, karoti, njegere, koliflawa, viazi mviringo, na matunda ya ukanda wa baridi kama mapichi na mapeasi. Kilimo cha mboga zenye asili ya Ulaya kilianza huko wakati wa ukoloni, na kwa miongo mingi mboga za Mgeta zimeshuka milimani kuelekea Morogoro na Dar es Salaam.

Mkondo huo wa biashara umejengwa juu ya watu wanaofahamiana: mkulima, dalali, mwenye gari na mnunuzi wa jumla. Kuenea kwa simu janja kumeleta njia nyingine. Kwa kiasi kidogo cha fedha, mtu aliyeko Nyandira anaweza kulipia tangazo na kuwafikia watu wa Dodoma, Arusha au Unguja ambao hajawahi kuonana nao. Mitandao humwahidi zaidi ya hapo, kwamba tangazo lake litawafikia wale wenye hamu na kile anachokiuza. Ahadi hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Swali linaloulizwa ni: ahadi hiyo hutimia kwa bidhaa zipi, na kwa sababu gani?

Swali hili si la nadharia tupu. Fedha ya tangazo kwa kawaida hutoka katika mfuko uleule unaonunua mbegu na mbolea. Aidha, kabichi iliyokwisha kukatwa haisubiri. Tangazo linalopotea njia kwa siku tano laweza kumgharimu mkulima bei ya tangazo na mzigo wenyewe kwa pamoja.

2.0 Dhana za Msingi na Kiunzi cha Nadharia

Katika makala haya, mtangazaji ni mtu au kikundi kinacholipia tangazo, na si msomaji wa habari wa redio. Pendeleo ni jambo ambalo mfumo wa mtandao unakisia kwamba humvutia mtumiaji fulani. Neno kukisia limetumika kwa makusudi. Mfumo hauwezi kuiona hamu ya mtu. Huona alama tu za matendo yake. Hadhira lengwa ni kundi la watu ambao mtangazaji anataka tangazo liwafikie, na hadhira halisi ni wale ambao limewafikia kweli.

Allan Bell, katika kazi yake ya mwaka 1984, anaeleza kwamba msemaji huuchagua mtindo wa lugha yake hasa kwa kuizingatia hadhira. Bell anawapanga wasikilizaji katika ngazi nne. Wa kwanza ni mlengwa, yaani yule anayesemeshwa moja kwa moja. Wa pili ni msikilizaji, ambaye anatambuliwa kuwa mshiriki ingawa hasemeshwi. Wa tatu ni msikiaji, ambaye msemaji anajua yupo lakini si mshiriki. Wa nne ni mdukizi, ambaye msemaji hana habari naye. Kadiri mtu alivyo karibu na msemaji katika mpangilio huo, ndivyo anavyoathiri zaidi namna msemaji anavyosema.

Mnadi wa sokoni ni mfano mwepesi wa nadharia hii. Huziona nyuso zilizo mbele yake. Akimwona mama lishe, hutaja fungu. Akimwona mnunuzi wa jumla, hutaja gunia. Hubadilisha maneno papo hapo kwa sababu mlengwa wake anaonekana. Katika tangazo la mtandaoni, kwa upande mwingine, anayewachagua walengwa si msemaji bali ni mashine, na msemaji hawaoni hadi wajibu. Hali hii inaleta jambo ambalo mpangilio wa Bell haukulazimika kulikabili: mlengwa asiyejulikana na anayemsemesha. Kwa hiyo mtangazaji hulazimika kuisanifu lugha yake kwa ajili ya mtu ambaye mashine itamchagua baadaye.

3.0 Namna Mfumo Unavyochagua Hadhira

Facebook ilizindua mfumo wake wa matangazo mwaka 2007. Instagram ilinunuliwa na kampuni hiyohiyo mwaka 2012, na WhatsApp mwaka 2014. Leo zote zimo chini ya kampuni ya Meta. Kwa kuwa mtangazaji anaweza kuanzisha tangazo Facebook au Instagram na kumleta mteja moja kwa moja kwenye mazungumzo ya WhatsApp, mfumo wa Meta ndio unaotumika hapa kama kielelezo. Utendaji wake unaweza kugawanywa katika hatua nne.

Hatua ya kwanza ni lengo. Mtangazaji hueleza anataka watu wafanye nini: walitazame tangazo, walipende, wabofye kiungo, au watume ujumbe. Hatua hii hupuuzwa mara nyingi, ilhali ndiyo inayoiambia mashine itafute watu wa namna gani. Anayechagua lengo la kupendwa hutafutiwa watu wenye mazoea ya kubonyeza alama ya kupenda. Watu hao wanaweza kuwa wengi na wachangamfu, na bado wasiwe wanunuzi.

Hatua ya pili ni vigezo. Mtangazaji huchagua mahali, umri, jinsia, lugha na mapendeleo. Mapendeleo hutokana na kurasa ambazo mtumiaji anazifuata, matangazo aliyowahi kuyabofya, na shughuli nyinginezo ndani na nje ya mtandao huo. Ikumbukwe kwamba mtangazaji hawezi kubuni pendeleo jipya. Huchagua katika orodha iliyokwisha kupangwa. Asiyekuta jina la kitu chake katika orodha hiyo hulazimika kuchukua jina la jirani.

Hatua ya tatu ni mnada. Kila inapopatikana nafasi ya kumwonyesha mtumiaji tangazo, matangazo mengi huishindania. Mshindi si lazima awe mwenye dau kubwa kuliko wote. Mfumo huzidisha dau kwa makisio ya uwezekano wa mtumiaji huyo kutenda kinacholengwa, kisha huongeza alama za ubora wa tangazo. Hivyo, tangazo linalomfaa anayeliona huweza kulishinda tangazo la tajiri.

Hatua ya nne ni kujifunza. Mfumo huchunguza ni nani wanaoitikia, kisha huwatafuta wanaofanana nao. Kwa maelezo ya Meta yenyewe, kipindi hiki hutulia baada ya matokeo yapatayo 50 ndani ya wiki moja. Aidha, katika miaka ya karibuni kampuni hiyo imeanzisha utaratibu uitwao Advantage+, ambamo mapendeleo yaliyochaguliwa na mtangazaji huchukuliwa kama pendekezo, na mashine huruhusiwa kuyavuka.

Matokeo ya hatua hizi nne ni kwamba neno mapendeleo hupotosha kidogo. Mashine haiulizi nani anakipenda kitu hiki. Huuliza nani ana uwezekano mkubwa wa kufanya tendo lililochaguliwa katika hatua ya kwanza. Tofauti kati ya maswali haya mawili ndiyo inayoamua kama fedha ya mtangazaji itamrudia.

4.0 Bidhaa Tatu, Kipimo Kimoja

4.1 Safari za kutazama ndege

Msitu wa Uluguru ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kutokea upande wa Mgeta, wasafiri hupanda kuelekea uwanda wa juu wa Lukwangule, jirani na kilele cha Kimhandu chenye zaidi ya meta 2,600. Miongoni mwa viumbe wa milima hii yumo ndege chozi wa Loveridge, Cinnyris loveridgei, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani.

Kwa mkazi wa Tchenzema, ndege huyo ni sehemu ya mandhari ya kila siku. Kwa mtu mwenye kawaida ya kusafiri ili kuongeza jina katika daftari lake la ndege alioowaona, ni sababu tosha ya kupanda mlima. Watu wa aina hii ni wachache na wametawanyika katika nchi nyingi. Hata hivyo hufuata kurasa za ndege, hununua darubini na vitabu vya utambuzi, na hujiunga na vyama vyao. Alama zao mtandaoni ni nyingi na ziko wazi. Tena, hamu yao ilikuwepo kabla ya tangazo lolote kutoka Mgeta. Masharti yote matatu yametimia: pendeleo ni la wachache, limeacha alama, na limetangulia.

Hata hapa ipo tahadhari. Kupenda ndege si kuwa na safari ya Tanzania. Tangazo likielekezwa kwa wapenda ndege wote wa Uingereza au Afrika Kusini, laweza kuvuna pongezi nyingi na mgeni asipatikane hata mmoja. Kigezo cha mapendeleo hakina budi kufungamanishwa na kigezo cha mahali, kwa mfano kwa kuwalenga wapenda ndege walioko tayari Dar es Salaam, Morogoro au Arusha, ambao kwao Mgeta ni safari ya siku chache.

4.2 Mbuzi wa maziwa

Mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway waliletwa Mgeta mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia ushirikiano uliokihusisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoko Morogoro. Katika eneo lenye miteremko mikali na mashamba madogo, mbuzi anayefugwa bandani na kuletewa majani ana nafuu kubwa kuliko ng'ombe. Kutokana na ufugaji huo, Mgeta imefahamika kama mahali pa kupata mbegu ya mbuzi wa maziwa.

Mnunuzi wa jike la kuzalisha ni nani? Ni kaya yenye eneo dogo, yenye kuhitaji maziwa, na yenye mtu wa kukata majani kila siku. Watu hao ni wachache wakilinganishwa na watumiaji wote wa mitandao nchini, hivyo sharti la kwanza limetimia. Sharti la pili, la alama, ndilo lenye utata. Orodha ya mashine inaweza kuwa na mada ya ufugaji kwa jumla, lakini hamu ya mbuzi wa maziwa hujificha ndani ya mada pana inayowachanganya mfugaji wa kuku wa Kibaha, mwanafunzi wa tiba ya mifugo na mtu anayetazama video za wanyama ili kujiburudisha. Mwenye hamu ya nyama choma naye anaweza kuangukia humohumo, ilhali yeye humtazama mbuzi kwa jicho tofauti kabisa na la mfugaji.

Sharti la tatu nalo limetimia nusu. Baadhi ya wanunuzi wanajua tayari kwamba wanataka mbuzi wa maziwa. Wengine wana haja ya maziwa bila kufahamu kwamba mbuzi ni njia mojawapo ya kuyapata. Kwa hao wa pili, tangazo halina hamu ya kuikuta. Lina kazi ya kuizaa. Kazi hiyo huhitaji maelezo marefu na kuaminiana, na makundi ya ufugaji ya Facebook na WhatsApp huifanya vizuri kuliko tangazo la kulipia. Kujiunga na kundi ni uamuzi wa mtu mwenyewe, na kwa sababu hiyo ni ushahidi wenye nguvu kuliko makisio ya mashine.

4.3 Mboga

Mboga huliwa na kila mtu. Kuwatafuta wanaozipenda ni sawa na kutowatafuta kabisa, kwa maana kigezo kisichomtenga yeyote hakiteui. Mtangazaji akichagua pendeleo la mapishi, atawapata watazamaji wa video za upishi, ambao wengi wao hununua fungu la karoti kwa mchuuzi wa mtaani na hawana matumizi ya gunia zima.

Mnunuzi anayehitajika ni mfanyabiashara wa jumla, mnunuzi wa hoteli au mlezi wa jikoni la shule ya bweni. Watu hawa ni wachache, lakini uchache wao ni wa kazi yao, wala si wa mapendeleo yao mtandaoni. Mfanyabiashara wa mboga wa Dar es Salaam anaweza kuzifuata kurasa za mpira, muziki na siasa, huku biashara yake yote ikiwa katika simu anazopiga alfajiri. Mashine huuona mpira wake. Haioni magunia yake. Sharti la alama limekosekana.

Ugumu mwingine ni wa wakati. Mashine huhitaji siku kadhaa na matokeo ya kutosha ili ijifunze. Mkulima aliyekwisha kuvuna hana siku hizo, na wanunuzi wa jumla 50 hawapatikani kwa wiki katika soko la namna hiyo. Kwa hiyo mfumo hubaki katika hali ya kukisia hadi mzigo unapoharibika. Kwa mboga, tangazo linalofaa ni lile linalotangulia mavuno, linalochagua mahali badala ya mapendeleo, na linalokusudia kupata namba za simu za wanunuzi wa kudumu. Mauzo ya gunia la leo hayapaswi kutegemezwa juu yake.

5.0 Maneno ya Tangazo kama Kichujio

Uchanganuzi wa bidhaa hizi tatu unaonyesha kwamba mbili kati yake haziwezi kutegemea orodha ya mapendeleo peke yake. Kinachobaki mikononi mwa mtangazaji ni lugha. Ili kulidhihirisha hilo, matangazo mawili yaliyobuniwa kwa ajili ya ufafanuzi huu yanalinganishwa.

(a) Mbuzi wazuri wa kisasa wanapatikana kwa bei nafuu. Wateja wote mnakaribishwa.

(b) Majike chotara wa mbuzi wa maziwa, uzao wa kwanza, wapo Nyandira, Mgeta. Yanamfaa mfugaji mwenye banda na majani ya kukata. Ukituandikia, taja wilaya uliyopo tukueleze usafiri.

Tangazo (a) halina mlengwa. Maneno wateja wote yanamwita kila mtu, na neno mbuzi limeachwa bila kufafanuliwa matumizi yake. Mpishi wa sherehe, mchinjaji na mfugaji wanaweza wote kujibu. Hata neno lenyewe lina maana zaidi ya moja: katika jikoni la pwani, mbuzi ni kifaa cha kukunia nazi. Upatanisho wa kisarufi humwondolea msomaji wa Kiswahili utata huo, kwani husoma mbuzi wa maziwa na mbuzi ya kukunia nazi kama vitu viwili tofauti.

Tangazo (b) linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Linamwita anayehitajika kwa msamiati wa kazi yake: majike, chotara, uzao, banda. Vilevile linamwondoa asiyehitajika bila kumvunjia heshima. Asiye na banda hujiondoa mwenyewe. Sentensi ya mwisho inaomba jibu dogo linalotenganisha mwenye nia na mpita njia. Kwa istilahi za Bell, tangazo (b) limemjenga mlengwa ndani ya matini, na waliobaki wamewekwa katika nafasi ya wasikilizaji ambao wanaweza kumpasha habari jirani yao mfugaji.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba kazi hiyo ya maneno haiishii kwa wasomaji. Kwa kuwa mashine hujifunza kutokana na wanaojibu, tangazo linalojibiwa na wafugaji huifundisha kutafuta wafugaji, na tangazo linalojibiwa na kila mtu huifundisha kutafuta kila mtu. Kwa njia hiyo, uteuzi wa msamiati huwa ni sehemu ya uteuzi wa hadhira hata ndani ya mfumo ambao hausomi kama binadamu.

Tofauti za lahaja nazo huchuja. Zao linaloitwa viazi mviringo bara huitwa mbatata Unguja. Anayetafuta wanunuzi wa Unguja hana budi kulitumia neno lao. Namna ya kutaja kipimo hufanya vivyo hivyo. Neno lumbesa humwambia mnunuzi wa jumla habari nyingi kwa mkupuo mmoja, lakini ujazo huo hupigwa marufuku na Wakala wa Vipimo, na humnyonya mkulima kwa kumfanya auze zaidi ya anacholipwa. Tangazo linalotaja bei kwa kilo huwateua wanunuzi walio tayari kupima. Hapo lugha huchagua mnunuzi na pia aina ya biashara itakayofanyika.

Gharama ya kutojali jambo hili inaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya mfano. Ichukuliwe kwamba kila tangazo limelipiwa shilingi 30,000. Tangazo (a) likabofywa mara 600, na wanunuzi wakapatikana 2. Tangazo (b) likaleta ujumbe 60 tu, na wanunuzi wakapatikana 6. Kwa mtazamo wa bofyo, tangazo (a) ni rahisi, kwani kila bofyo limegharimu shilingi 50, ilhali kila ujumbe wa tangazo (b) umegharimu shilingi 500. Kwa mtazamo wa mauzo, mnunuzi mmoja wa tangazo (a) amegharimu shilingi 15,000, na wa tangazo (b) shilingi 5,000. Taarifa inayotolewa na mtandao huanza kwa kuonyesha hesabu ya kwanza. Hesabu ya pili hufanywa na mtangazaji mwenyewe katika daftari lake.

6.0 Faragha na Mipaka ya Uteuzi

Uwezo wa kumteua mtu kwa alama za maisha yake una upande wake wa hatari. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba taarifa za watumiaji wa Facebook wanaokadiriwa kufikia milioni 87 zilichukuliwa na kampuni ya Cambridge Analytica kwa malengo ya kisiasa. Kuanzia Januari 2022, Meta iliondoa katika orodha yake mapendeleo yanayogusa mambo nyeti kama afya, dini, misimamo ya kisiasa na mwelekeo wa kijinsia.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Usimamizi wake uko chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa kikundi cha wafugaji, sheria hiyo inagusa jambo la kawaida sana, yaani daftari la namba za wateja. Mfumo wa matangazo humruhusu mtangazaji kupakia orodha ya namba ili mashine iwatafute wenye namba hizo na wanaofanana nao. Lakini mteja aliyetoa namba yake ili aelezwe siku ya kumchukua mbuzi hakuitoa ili ipelekwe kwa kampuni iliyoko nje ya nchi. Sheria inataka taarifa zitumike kwa lengo zililokusanyiwa, na imeweka masharti juu ya kuzisafirisha nje. Kumwomba mteja ridhaa mapema ni jepesi na pia hulinda uaminifu, ambao milimani ni mtaji unaozidi tangazo.

Ipo pia mipaka isiyoandikwa katika sheria. Mashine huihesabu akaunti moja kuwa mtu mmoja. Simu ikitumiwa na watu kadhaa katika kaya, pendeleo linaloonekana ni mchanganyiko wa mama, kijana na mgeni. Asiye na bando la kutosha huacha alama chache, na asiye na simu janja haachi yoyote. Kwa sababu hiyo chombo hiki hufanya kazi vizuri zaidi kikiielekeza sauti ya mlima mjini kuliko kikiielekeza sauti ya mji mlimani. Taasisi inayotaka kuwafikia wakulima wa Kikeo kwa kigezo cha mapendeleo, kwa mfano kuwapa maelezo juu ya ugonjwa wa viazi, itawafikia kwa urahisi wale wenye simu bora, na kuwaacha wengine huku taarifa ya tangazo ikionyesha kwamba limefanikiwa. Kwa lengo hilo, redio, mkutano wa kijiji na bwana shamba bado vina nafasi ambayo tangazo la mtandaoni haliwezi kuijaza.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kumfikia mtu kwa kigezo cha mapendeleo ni mbinu yenye masharti. Pendeleo lisipokuwa la wachache, uteuzi hauna maana. Lisipoacha alama, mashine haina cha kusoma. Lisipotangulia tangazo, kinachohitajika ni elimu kwanza, na tangazo baadaye. Kwa kipimo hicho, mwongoza watalii wa Tchenzema anaweza kuanza na orodha ya mapendeleo akiiunganisha na mahali. Mfugaji wa Nyandira anapaswa kuanza na makundi ya wafugaji na msamiati wa kazi, kisha kulipia tangazo lenye lengo la kupokea ujumbe. Mkulima wa mboga anapaswa kuanza na mahali na majira, kabla ya kuvuna, akilenga kujenga orodha ya wanunuzi waliokubali kupigiwa simu.

Kwa upande wa nadharia, imebainika kwamba mpangilio wa Bell unabaki na nguvu katika mazingira ya kidijitali, mradi iongezwe nafasi ya mteuzi wa kati, yaani mashine inayosimama baina ya msemaji na mlengwa. Mteuzi huyo haelewi maana ya neno chotara wala lumbesa, lakini huongozwa na watu wanaoyaelewa maneno hayo na kuyajibu. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu matangazo halisi ya Kiswahili yanayolipiwa na wazalishaji wadogo, hasa uhusiano uliopo kati ya msamiati wa tangazo na aina ya watu wanaolijibu. Mnadi wa soko la Nyandira hubadilisha maneno yake kwa kuzitazama nyuso. Anayetangaza mtandaoni huzikosa nyuso hizo, na kwa hiyo hana budi kuyapima maneno yake kabla hajalipia tangazo.